Bibi Alishika Kipaza Sauti, Hatukusikia Neno

Tunaandika kutoka Tangini, hapa Kibaha. Wanaotufuata katika safu hii wanajua kwamba tunaiandika wawili, majirani wa ukuta kwa ukuta, na kwamba mengi tunayoyaleta hapa huanzia jikoni mwa mmoja wetu. La mwezi huu lilianzia uani. Ni ua wa nyumba ipi kati ya hizi mbili, tumekubaliana tusiseme, maana katika habari hii yumo mtoto aliyechapwa bila kosa, na aliyemchapa ni mmoja wetu.

Bibi wa nyumba hiyo alifariki miezi minne baada ya sendofu ya binti yake wa mwisho. Siku ya sendofu alisimama, akapewa kipaza sauti, akazungumza kwa muda wa dakika sita hivi, akimpa binti maneno ya kwenda nayo kwa mume. Picha za Bibi za karatasi tunazo nyingi, lakini picha ya video ambayo ndani yake anasema ni hiyo moja tu. Mpiga picha aliileta katika DVD, tukaitazama mara mbili tatu kwenye televisheni na Bibi akasikika, ingawa sauti yake ilikuwa na ugeni fulani, kama inatoka pembeni ya chumba badala ya kutoka katikati. Hatukuijali. Baadaye deki ikafa, kijana mmoja akatuhamishia ile video kwenye flashi, na kutoka hapo ikaingia katika kishikwambi cha shemeji.

Ulipotimia mwaka mmoja wa kumbukumbu, ndugu walikuja kutoka Mlandizi, wengine Chalinze, wengine Kisarawe. Baada ya chakula wazee wakaomba wamwone Bibi. Tukaegemeza kishikwambi kwenye chupa ya chai juu ya meza, tukaazima kwa jirani spika kubwa ya bluetooth ya kubeba mkononi, ile yenye mdomo mmoja, watoto wakakaa chini mkekani. Nyimbo za kwaya zikasikika vizuri sana. MC akasikika. Bibi akasimama, akashika kipaza sauti, midomo ikacheza, na sauti hakuna! Ulibaki mvumo hafifu tu, kama redio iliyofunguliwa nyumba ya tatu. Tukaongeza sauti hadi mwisho, mvumo ukaongezeka, Bibi bado bubu. Tukaiondoa ile spika tukajaribu kishikwambi chenyewe, hali ikawa ile ile.

Mama mkubwa mmoja alianza kulia. Hapo ndipo swali likaulizwa, lile ambalo huulizwa katika nyumba zote kitu kinapoharibika: nani amechezea? Macho yakamwangukia mtoto wa kiume wa miaka tisa, ambaye jana yake alikuwa ameonekana na kishikwambi. Alisema hakugusa video ya Bibi. Akachapwa fimbo tatu mbele ya wageni, akaenda kulala.

Tutarudi kwa mtoto. Kwanza tuseme kwamba tulipoanza kuulizana na akina mama wenzetu, karibu kila mmoja alikuwa na kisa chake cha sauti iliyopotea, na karibu kila nyumba alikuwapo mtu aliyelaumiwa. Zamani tulikuwa na kaseti. Sauti ikififia tulijua la kufanya: pamba, spirito kidogo, unafuta kile kichwa cha redio, na utepe ukilegea unauzungusha kwa penseli. Uliona uchafu kwa macho. Vyombo vya siku hizi havionyeshi chochote, kwa hiyo tunatafuta mkosaji mwenye miguu.

Basi tueleze kwanza yale mepesi, halafu tufike kwa Bibi.

Sauti ikitoweka kabisa kwenye simu au kompyuta, usiseme imeharibika. Jiulize: sauti imekwenda wapi? Mara nyingi ipo, ila imetumwa mahali pengine. Simu iliyowahi kuunganishwa na spika ya bluetooth huikumbuka ile spika, na mara ikiwashwa karibu, simu huweza kujiunga nayo bila kuulizwa. Mama mmoja alihangaika nusu saa na simu bubu huku mahubiri yake yakilia chumbani kwa kijana wake. Vivyo hivyo, ukiunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI, sauti huweza kuhamia televisheni. Na kama televisheni imenyamazishwa kwa rimoti, utailaumu kompyuta bure. Kwenye kompyuta bonyeza ile alama ndogo ya spika iliyo pembeni chini, utaona sauti inatokea wapi. Fahamu pia kwamba kila programu ina kiwango chake cha sauti, mbali na kiwango cha kompyuta nzima. Kimoja kinaweza kuwa juu kabisa na kingine sifuri.

Kuna simu inayodhani imechomekwa spika za masikioni kumbe haijachomekwa. Utaona alama ya spika hizo juu ya kioo. Sababu yake ni vumbi na nyuzi za nguo zilizoshindiliwa ndani ya tundu, hasa kwa sisi tunaofunga simu kwenye pindo la khanga. Zima simu, chokoa taratibu kwa njiti kavu ya kusafishia meno. Usitumie sindano. Na vitundu vya spika vikizibwa na unga, visugue kwa mswaki mkavu laini. Usivipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao umetuletea malalamiko. Mtu anasema unaanza vizuri kisha unakuwa mdogo kama mbu. Simu ina jicho dogo juu ya kioo linalotambua kitu kikiwa karibu. Ukiileta sikioni inadhani unataka kusikiliza kwa siri, inahamisha sauti kwenye ile spika ndogo ya kupokelea simu. Jicho hilo likifunikwa na kidole, na mafuta ya kupikia, au na kioo cha kinga kilichobandikwa vibaya, simu itadhani iko sikioni hata kama iko mezani. Futa kioo kwanza kabla ya kwenda kwa fundi.

Sasa filamu. Unanunua filamu kwenye flashi, unaichomeka kwenye televisheni, picha inakuja safi, sauti hakuna, na chini yanatokea maneno kwamba aina ya sauti haikubaliki. Mwuzaji wa filamu hakukuibia. Faili la filamu ni kama kapu: ndani yake picha imefungwa peke yake na sauti imefungwa peke yake. Yale maandishi ya mwisho wa jina, mp4 au mkv, ni jina la kapu tu, hayasemi sauti imefungwa kwa namna gani. Zipo namna nyingi, na baadhi yake, kama zile za kampuni za Dolby na DTS, mtengenezaji wa televisheni au wa programu hutakiwa kuzilipia kibali. Asipolipa, chombo chake hakijui kuzifungua. Picha inafunguka, sauti inabaki imefungwa. Ndiyo maana filamu moja husema nyumba hii na huwa bubu nyumba ile.

Kwa tatizo hilo, kwenye simu na kompyuta sisi tunatumia programu ya VLC, ambayo ni ya bure. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi huko Paris, Ufaransa, na mwaka 2001 ikafunguliwa kwa watu wote waitumie na kuirekebisha wapendavyo. Imebeba ndani yake funguo za makapu karibu yote. Alama yake ni koni ya rangi ya chungwa na nyeupe, kama zile zinazopangwa barabarani wakati wa matengenezo. Mwishoni mwa Desemba koni hiyo huvaa kofia ya Krismasi. Msishtuke, si kirusi. Mmoja wetu aliifuta programu nzima kwa hofu.

Ukiwa na VLC kwenye kompyuta, herufi chache zinatosha. Herufi M hunyamazisha na kurudisha sauti, na watoto wanaopapasa vitufe huibonyeza bila kujua. Herufi B hubadili lugha kama filamu ina sauti zaidi ya moja. Ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979, ambayo wengi wetu tuliiona kwa mara ya kwanza usiku kwenye shuka jeupe, imesambazwa katika DVD zenye lugha kadhaa ndani ya diski moja. Mtu akisema yake imeharibika inaongea lugha asiyoijua, huenda hajachagua tu. Na kama midomo na maneno havilingani, herufi J na K husogeza sauti mbele au nyuma, kila mbonyezo sehemu ya ishirini ya sekunde. Jaribu moja, hali ikizidi kuwa mbaya, ni ile nyingine. Spika za bluetooth hasa ndizo zenye ugonjwa huo wa kuchelewa, kwa sababu sauti lazima ifungwe, irushwe hewani, ifunguliwe tena, na yote hayo huchukua muda.

Programu hiyo kwenye kompyuta huruhusu pia kupandisha sauti hadi asilimia 125. Tunawaomba msiifanye kuwa desturi. Sauti inakwaruza, na masikio ya watoto yanaumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80, na mtoto desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Nasi tuongeze jambo tulilojifunza kwa uchungu katika familia nyingine hapa mtaani: mtoto anayeongeza sauti ya katuni kila siku na kukaa karibu na televisheni, huenda hasikii vizuri. Alikuwa na usaha sikioni, akaitwa mkaidi mwaka mzima. Kabla ya kukagua televisheni, mkague mtoto, na umpeleke hospitali.

Sasa turudi kwa Bibi.

Siku mbili baada ya wageni kuondoka, yule mtoto alikuja jikoni akasema, “Mama, Bibi anaongea.” Mama yake alikuwa anakuna nazi, akamwambia aache uongo, au amesahau zile fimbo? Mtoto hakuondoka. Alikuwa na kishikwambi mkononi na spika za masikioni zimechomekwa. Alichukua moja, akamwekea mama yake sikioni. Maneno ya kwanza yalikuwa yale ambayo kila mtu husema akipewa kipaza sauti: mnanisikia huko nyuma?

Tuliitana. Tukasikiliza wote wawili kwa zamu, na majirani wawili zaidi. Sikio moja, Bibi yupo, safi. Masikio yote mawili, yupo, ila kana kwamba amesimama nyuma ya kichwa chako. Ukichomoa waya ili sauti itoke kwenye kishikwambi, Bibi hayupo. Tulifanya hivyo mara nne. Hatukuwa na maelezo, na tutakubali kwamba mmoja wetu aliogopa.

Aliyetueleza ni kijana fundi mwenye kibanda upande wa Picha ya Ndege. Tutaeleza kwa namna tulivyomwelewa, na ni jambo ambalo kila mama mwenye video ya harusi au ya msiba anapaswa kulifahamu.

Sauti ni hewa inayosukumwa na kuvutwa. Spika ikisogea mbele inasukuma, ikirudi inavuta, mara nyingi sana kwa sekunde. Video nyingi zina mikondo miwili ya sauti, wa kushoto na wa kulia. Sasa waya unaotoka kwenye mashine kubwa ya vipaza sauti ukumbini mara nyingi hubeba sauti ile ile mara mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyogeuzwa, yenye kuvuta pale mwenzake anaposukuma. Hufanywa hivyo makusudi ili kelele zinazoingia njiani ziondolewe waya ukifika unakotakiwa. Lakini mpiga picha akiuchomeka waya huo kwenye kamera kwa kiungio kisicho chake, kamera hudhani hiyo ni mikondo miwili ya kawaida. Inaandika sauti ya Bibi ya kawaida upande wa kushoto na sauti ya Bibi iliyogeuzwa upande wa kulia.

Televisheni yetu ina spika mbili zilizoachana, kwa hiyo tulimsikia, na ule ugeni wa sauti ndio ulikuwa dalili. Kishikwambi kina spika moja. Ile ya bluetooth ina mdomo mmoja. Chombo cha spika moja huchanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja kabla ya kutoa sauti. Hebu fikiria watu wawili wenye nguvu sawa wanasukuma mlango mmoja, huyu ndani na yule nje. Wanatoka jasho wote wawili, na mlango hausogei. Ndivyo Bibi alivyokuwa akijifuta mwenyewe. Nyimbo za kwaya mpiga picha alizibandika baadaye kutoka mahali pengine, na MC alitumia kipaza sauti kilichokuwa juu ya kamera yenyewe, ndiyo maana wao hawakuguswa.

Hakuna aliyechezea kitu. Kosa lilikuwamo tangu siku ya sendofu, kabla mtoto hajakishika kishikwambi.

Tiba yake ni rahisi kuliko maelezo. Ziba mkondo mmoja. Kama unatumia sabufa yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeupe, chomoa mmoja wowote, msemaji atatokea papo hapo. Kwenye VLC ya kompyuta, katika orodha ya sauti iliyo juu ya dirisha kuna mahali pa kuchagua upande. Chagua wa kushoto peke yake. Kwa kudumu, fundi hutengeneza nakala mpya ambayo mkondo wa kushoto umewekwa pande zote mbili, na nakala hiyo itasikika kwenye chombo chochote. Yetu ilichukua muda wa kunywa soda moja. Ile ya asili usiifute, iweke.

Kuna na kinyume cha ugonjwa huu, nacho ni cha kila siku. Muziki unasikika, lakini mwimbaji hayupo, au anasikika kama yuko ndani ya pipa. Hapo faili halina kosa. Waya haujaingia sawasawa, au nyuzi zake zimekatika karibu na kichwa. Zile pete za chuma kwenye pini kila moja ina kazi yake, na ile inayotumiwa na pande zote mbili ikikosa kugusana, kitakachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati, sawa kwa pande zote, kwa hiyo anatoweka. Sukuma pini mpaka isikike “ta”. Ikishindikana, badilisha waya kabla hujanunua sabufa nyingine. Tunamjua mama aliyenunua sabufa mpya na kuiunganisha kwa waya ule ule wa zamani.

Wenye sherehe mbele yao, tunashauri hivi: kabla hujamalizia malipo ya mpiga picha, isikilize kazi yake mara mbili, mara moja kwa spika za masikioni na mara moja kwenye simu bila spika hizo. Sikiliza hotuba hasa, maana nyimbo husikika siku zote. Pale ambapo mzee anazungumza, mweke kijana mmoja arekodi kwa simu akiwa karibu, hata kama umelipia kamera tatu. Na video ikishafika nyumbani, nakala moja iende kwa ndugu wa mbali. Yetu ya pili iko Kisarawe, kwenye kabati la mama mkubwa, ndani ya bati la biskuti.

Mtoto tulimwomba radhi. Tulimwita sebuleni tukiwa wote wawili pamoja na baba yake, kwa sababu fimbo zilikuwa za hadharani. Mama yake alisema, “Mwanangu, tulikuchapa na hukuwa na kosa. Tusamehe.” Alisikiliza huku anaangalia vidole vya miguu, kisha akauliza kama anaweza kwenda kucheza mpira. Lakini wageni walioona fimbo hawakuwapo kusikia radhi, na jambo hilo lilimkereketa mama yake zaidi ya lile la kwanza. Kwa hiyo tumewaandikia ndugu wote katika kundi la familia la WhatsApp, tukaeleza habari nzima ya mikondo miwili, na pamoja na maelezo tukawatumia dakika sita za Bibi. Mama mkubwa alijibu usiku ule ule. Alisema amemsikia hadi mwisho, na akauliza mtoto anavaa viatu namba ngapi.